Kitabu cha Kushikwa na Kitabu cha Kusomwa

Umbea juu ya vitabu ni mgeni katika baraza za Waswahili, ingawa umbea wenyewe ni mwenyeji wa siku nyingi. Zamani mtu alisengenywa kwa deni, kwa ndoa, au kwa nguo ya kuazima aliyoivalia harusini. Siku hizi husengenywa pia kwa kitabu. Mtu maarufu wa mitandaoni hujipiga picha ameketi kivulini, kitabu kimefunguka mapajani, kikombe cha kahawa kando yake. Na kabla kahawa haijapoa, wapo waliokwisha kuikuza picha ile katika simu zao ili waone amefikia ukurasa wa ngapi. Husemwa kwamba ukurasa ni ule ule wa mwezi uliopita, kwamba mgongo wa kitabu haujakunjika, kwamba rangi ya jalada imechaguliwa ifanane na kilemba. Hukumu hutoka: hasomi huyu, anajionyesha.

Shutuma hiyo ina asili ndefu. Mwanafalsafa Seneca wa Roma, katika karne ya kwanza, aliwacheka matajiri waliojaza vitabu majumbani kuwa mapambo ya ukumbi wa kulia. Lakini kujua kwamba mtu anajionyesha ni kazi nyepesi. Kila mwenye macho huiweza. Lililo zito ni kuuliza yule aliyemkamata mwenzake anataka nini baada ya kumkamata. Waswahili wana neno kusuta na wana neno kufunza, na baina ya maneno hayo mawili pana safari ndefu. Msutaji hutosheka mtu akiinamisha kichwa. Mfunzi hatosheki mpaka kichwa kile kiinuke kikiwa kimepata kitu.

Mfano ulio wazi kupita yote ulitokea katika mwaka 2021. Tarehe 7 Oktoba ya mwaka huo ilitangazwa kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Furaha ilienea, na ubishi ukaifuata mbio: je, ni Mtanzania, ni Mzanzibari, ama ni Mwingereza? Watu walikumbushana kwamba sheria ya Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, wengine wakayafukua mambo ya mapinduzi ya 1964 na sababu za vijana wa wakati ule kuondoka visiwani. Mjadala ulikuwa mkali na wenye manufaa yake. Hata hivyo, waliokuwa wamezisoma riwaya zenyewe walikuwa wachache. Zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, zimechapwa Uingereza, na madukani zilikuwa adimu. Picha za majalada zikatangulia mbele ya vitabu. Punde wakaja wenye kuuliza kwa kejeli: nani kati yenu amemsoma?

Swali lilikuwa la haki, ila waliouliza wengi wao hawakuwa wakingoja jibu. Na jibu lilikuwamo ndani ya riwaya iliyokuwa ikishikwa kuliko nyingine, Paradise ya 1994, ambayo mwaka 2022 ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, chini ya Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Hiyo ndiyo riwaya ya kwanza ya Gurnah kutafsiriwa kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Mhusika mkuu ni Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anayechukuliwa na tajiri Aziz kuwa rehani ya deni la baba yake. Katika sehemu moja ya hadithi anaachwa bara, katika nyumba ya mfanyabiashara Hamid, karibu na mlima wenye theluji. Huko inagundulika kwamba kijana huyu, aliyekua miongoni mwa Waislamu na kutoka pwani yenye madrasa, hawezi kuisoma Kurani. Aibu inamfika, na nyumba nzima inashtuka. Lakini kinachofuata si kicheko cha miezi. Yusuf anapelekwa msikitini kujifunza, aketi pamoja na watoto wadogo kuliko yeye, aanzie pale walipo. Naye anaikamata kazi ile kwa bidii hata wenyeji wake wakastaajabu.

Msomaji anayeshika kitabu bila kukifungua hulikosa funzo hili, na anayemcheka mshikaji bila kukifungua hulikosa vile vile. Riwaya imekwisha kulitazama jambo la mtu aliyedhaniwa msomaji akaonekana si msomaji, na imelitatua kwa mkeka na mwalimu. Gurnah hajaufanya ufumbuzi huo kuwa mtamu. Kukaa na watoto ni udhia kwa kijana aliyekwisha kubalehe. Wahenga nao walinena: mficha uchi hazai. Aibu imo katika kujifunza. Bali ni aibu yenye mwisho, ilhali ya kusutwa haina.

Karibu na hapo mwandishi ameweka jambo jingine linalochekesha na kufikirisha. Kalasinga, fundi wa Kisingasinga, anatangaza kwamba atatafsiri Kurani kwa Kiswahili ili Waswahili wajue wanachokikariri. Hamid anaghadhibika, maana Kiswahili cha fundi huyo ni cha kuungaunga na Kiarabu hakijui. Kichekesho ni cha Kalasinga, lakini mshale unawachoma wote wawili: mmoja anataka kufasiri asichoweza kusoma, mwingine analinda anachokisoma bila kukifahamu chote. Ni nani kati yao msomaji? Riwaya hailitoi jibu, na huo ndio uungwana wake.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ina neno la kusema hapa. Kusoma si kutazama maandishi tu. Ni kujifunza, na ni kutoa sauti: watu husoma maulidi, husoma hitima, husoma utenzi mbele ya hadhara. Katika malumbano ya washairi magazetini, aliyetaka kuonyesha kwamba amemsoma mwenzake alimjibu, aghalabu kwa bahari ile ile na vina vile vile. Hapakuwa na haja ya kukuza picha ili kuthibitisha. Jibu lilikuwa ushahidi. Jamii hii haijawahi kuwa na ugomvi na kuonyesha usomaji. Ugomvi wake ni kwamba picha huonyesha kitabu, haionyeshi kisomo.

Suala hili hudhihirika zaidi likitazamwa kutoka bara, na mji wa Babati unafaa kuwa kituo. Babati uko kwenye njia panda ya magari ya Arusha, Dodoma na Singida, kando ya ziwa lenye viboko na chini ya mlima Kwaraa. Tangu mwaka 2002 ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Hapo Kigorowa na Kiiraqw, lugha za Kikushi, hukutana na Kidatoga na Kirangi, na Kiswahili huwaunganisha wote. Kijana wa Babati anayo simu kama ya kijana wa Dar es Salaam. Picha ya kitabu humfikia siku ile ile ilipopigwa. Kitabu chenyewe hakisafiri kwa mwendo huo.

Tuseme binti wa mji huo, mwenye wafuasi wake mitandaoni, amejipiga picha kando ya ziwa, riwaya ya Kiingereza mkononi. Wambea watamhukumu kwa dakika chache. Lakini wapime kwanza anachodaiwa. Aghalabu lugha ya nyumbani kwao ni ya kwanza, Kiswahili ni ya pili, Kiingereza ni ya tatu, aliyoikuta sekondari ikiwa lugha ya mtihani kabla hajaizoea kuwa lugha ya hadithi. Kumcheka kwamba hasomi, mara nyingi, ni kumcheka kwamba Kiingereza chake kina mawaa. Ni kicheko kile kile kilichowaandama wasanii wa filamu na washindani wa urembo kila walipofungua kinywa kwa lugha hiyo. Kosa la binti, ikiwa ni kosa, liko katika kuchagua jalada ambalo heshima yake yote inatokana na ugeni wake. Kosa hilo hakulibuni yeye. Amefundishwa darasani, na wanaomcheka walifundishwa naye.

Laiti angeshika Peponi na kuifungua, angekuta jambo ambalo msomaji wa visiwani aweza kulipita bila kusimama. Misafara ya Aziz hutoka pwani kuelekea bara, na vinywani mwa wasafiri watu wa bara ni washenzi. Binti wa Babati yumo katika kitabu hicho, ametazamwa kutoka mbali na watu waliobeba nguo na shanga za kubadilisha kwa pembe. Halafu angemfikia Chatu, mtawala wa bara, anayeitwaa mali ya msafara kwa sababu mfanyabiashara aliyetangulia alimdhulumu. Kwa mara moja mtazamo unageuka, na mwenye kuitwa mshenzi ndiye mwenye madai. Ukurasa huo una uzito Babati ambao hauna Mji Mkongwe. Msomaji wa huko angeweza kuwaeleza watu wa pwani jambo wasilolijua juu ya kitabu wanachojivunia.

Tafsiri imeufungua mlango huo kwa namna nyingine pia. Yusuf amezoeshwa kumwita Aziz kwa neno la Kiingereza la jamaa lisilopambanua upande wa baba na upande wa mama. Kiswahili hakiruhusu uvivu huo: ami ni ami, mjomba ni mjomba, na kila mmoja ana haki na wajibu wake. Mtafsiri hulazimika kuchagua. Khalil anapomweleza Yusuf kwamba mtu yule si jamaa yake hata kidogo, amwite Seyyid, msomaji wa Kiswahili husikia undugu mahususi ukikatwa. Maumivu haya hayahitaji kamusi.

Wala nchi hii haikosi mfano wa kuitendea aibu ya kutosoma kwa hekima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Katika vijiji, vikiwamo vya Babati, wakati ule ndani ya Mkoa wa Arusha, wazee waliketi madawatini mbele ya majirani zao, pengine wakifundishwa na vijana wa umri wa wajukuu zao. Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa wa kusoma na kuandika. Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walipungua kutoka takriban asilimia 67 mwanzoni mwa mpango hadi chini ya 10 mwaka 1986. Hesabu hizo zaweza kubishaniwa, na wengi walisahau walichojifunza kwa kukosa cha kusoma. Lakini wazee wale walifanya alichofanya Yusuf: waliikubali aibu ya siku chache.

Kwa hiyo yafaa haki itendeke kwa pande zote mbili. Mwenye kujipamba kwa kitabu amekosea, lakini amekipitisha kitabu mbele ya macho ambayo yasingekiona. Pengine mmoja kati ya hao atakitafuta. Mwenye kumfichua amesema kweli, lakini kweli iliyoishia kwenye kicheko haimwongezei msomaji hata mmoja. Lililopungua ni ombi fupi ambalo Kiswahili hulibeba kwa neno moja: tusomee. Simu iliyobeba picha hubeba na sauti. Aliyeshika kitabu na asome ukurasa mmoja kwa sauti, hata akijikwaa. Wanaomsikiliza nao wasimcheke pale atakapojikwaa. Wamsahihishe, kisha wamwache aendelee na ukurasa wa pili.