Neno "Wastani" na Hesabu Zisizoonekana

Katika mwezi wa Mei 2010 wachumi wawili wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala mafupi juu ya deni la serikali na ukuaji wa uchumi. Makala yale yalionyesha kwamba nchi tajiri ambazo deni lao lapita asilimia 90 ya pato la taifa zilikua, kwa wastani, kwa asilimia -0.1, yaani hazikukua kabisa. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliishika tarakimu hiyo, wakaifanya hoja ya kupunguza matumizi ya serikali.

Hesabu zenyewe, hatua kwa hatua, hazikuchapishwa. Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, alijaribu kuzirudia asiweze, mpaka alipopewa lahajedwali walilolitumia waandishi. Mwaka 2013 yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walitangaza waliyoyaona: nchi tano, yaani Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, ziliachwa nje kwa kosa la mistari, na baadhi ya miaka haikuhesabiwa. Wastani waliousahihisha ulikuwa asilimia 2.2.

Kosa la mistari ni la bahati mbaya. Jambo zito limo katika neno "wastani". Wastani wa nini: wa nchi, au wa miaka? Kila nchi ilipewa uzito sawa. Hivyo mwaka mmoja wa New Zealand, 1951, wenye asilimia -7.6, ulilingana na miaka 19 ya Uingereza yenye asilimia 2.4. Njia hiyo yaweza kutetewa, na waandishi waliitetea. Walikiri kosa la lahajedwali, wakashikilia kwamba deni kubwa huandamana na ukuaji mdogo. Lakini "huandamana" si "husababisha", na msomaji wa 2010 hakuweza kuona kwamba New Zealand imesimama kwa mwaka mmoja tu. Haki yasema pia kwamba lahajedwali lilitolewa lilipoombwa, wengi hawatoi.

Tangu 2019 Chama cha Wachumi cha Marekani huhakiki data na programu kabla ya kuyakubali makala. Desturi hii huitwa "sayansi huria", na jina lenyewe lapotosha. "Huria", kama katika "soko huria", ni kuachwa bila kizuizi. Hapa mwandishi ajifunga zaidi. "Sayansi ya uwazi" lingefaa.

Wataalamu wa Kiswahili wasiwacheke wachumi. Ni mara ngapi sarufi husema "wenyeji hutamka hivi", bila kutaja ni wenyeji wa Amu au wa Unguja, walikuwa wangapi, na waliulizwa nini? Madaftari na kanda za utafiti hubaki sandukuni, na mwenyewe akifa hufa nazo. Mficha uchi hazai.