Kabla ya Kuugua, Ulilala Wapi?

Machi 2003, wagonjwa wa nimonia ambayo madaktari hawakuijua walikuwa wamelazwa Hanoi, Singapore, Toronto na Hong Kong. Wa Toronto hakumjua wa Hanoi. Ungewauliza walikutana na nani, wangekutajia ndugu na wafanyakazi wenzao, na majina hayo yasingekufikisha popote. Wafuatiliaji wa maambukizi wakauliza pia: kabla ya kuugua, ulilala wapi? Majibu yakakutana kwenye Hoteli ya Metropole, Hong Kong, na zaidi kwenye ghorofa ya tisa. Hapo ndipo alipofikia daktari mmoja kutoka Guangdong, China, Februari 21, chumba namba 911, akiwa tayari anaumwa. Kesho yake alikwenda hospitali, na Machi 4 akafariki. Baadaye chembe za kirusi zilipatikana kwenye zulia nje ya chumba kile na karibu na lifti. Huenda wageni walipitana tu ukumbini, bila hata salamu.

Kazi hii ya ufuatiliaji naistahi sana. Anayehojiwa ana homa, ana hofu, na tarehe zimemtoka kichwani. Mfuatiliaji hodari hamkimbizi. Anamuuliza siku ya mshahara alikuwa wapi, msibani alikaa upande gani, Ijumaa aliswali msikiti upi, kisha siku nyingine anazipanga kuzunguka hizo. Nani alikuwa ubavuni? Mlikaa muda gani? Madirisha yalikuwa wazi? Na sauti yake haina lawama hata kidogo, kwa sababu mgonjwa akihisi anawatia wenyeji wake matatani, majina yao hatayataja.

Orodha ikishapatikana, inaanza kazi ambayo wengi hawaioni: kuwapigia simu watu wazima wa afya. Kwa SARS, ugonjwa ule wa 2003, ilikuwa siku kumi za kuuliza, vipi homa, vipi kikohozi. Nyumba ya watu sita wakaugua wawili, wale wanne waliosalimika ni sehemu ya jibu. Bila wao huwezi kujua ugonjwa unaenea kwa urahisi gani. Mfuatiliaji mzuri humwandika asiyeumwa kwa uangalifu uleule.

Watu 8,098 waliugua na 774 wakafa, lakini ilipofika Julai 5, 2003, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa mnyororo wa maambukizi umekatika. SARS iliwapa wafuatiliaji nafasi, kwa kuwa mgonjwa aliambukiza zaidi akiwa tayari amezidiwa. Korona haikutoa nafasi hiyo. Mtu aliambukiza kabla ya dalili kuonekana. Kwa hiyo maswali yakarudishwa nyuma, hadi siku mbili kabla ya kikohozi cha kwanza, siku ambazo mtu alijiona mzima, akaenda sokoni, akapanda daladala, akampakata mtoto wa jirani, na sasa anaombwa azikumbuke saa kwa saa.