Boa wa Mchangani: Mkenya Mnene Anayefaa Kuwa Nyoka Wako wa Kwanza

Nimemshika! Nimemshika kwa mikono yangu miwili na hadi sasa vidole bado vinasisimka. Kama uko Minneapolis, Leicester au Toronto, umekuwa ukiwaza kufuga nyoka wa kwanza na moyo umekuvuta kwa boa, achana kwanza na zile video za majitu ya Amazon unisikilize mimi. Jibu limepatikana, tena limetoka kwetu. Ni boa wa mchangani, kinyoka kifupi kinene ambacho Wamarekani na Wazungu wanakinunua, wanakizalisha na kukiuza kwa jina la nchi yangu: boa wa mchangani wa Kenya.

Tulikutana Tinley Park, nje kidogo ya Chicago, kwenye maonyesho ya NARBC ambayo wafugaji wa reptilia huyangoja kila Machi na Oktoba. Ukumbi mzima ni meza. Chatu wadogo wa Afrika Magharibi wanaojikunja duara, mijusi wenye ndevu wa Australia, kobe, vyura wa rangi ambazo hata sijui majina yake. Nikafika meza moja nikaona vikasha vya plastiki vimejazwa maranda, ndani hamna kitu. Nikadhani bwana ameuza wote. Akacheka, akachomeka vidole viwili kwenye maranda, akachota.

Jamani!

Mgongo wa rangi ya chungwa iliyokolea, mabaka ya kahawia yanayokaribia weusi, tumbo jeupe pe. Mnene kama muhogo, tena muhogo uliokatwa pande zote mbili, maana shingo hana na mkia unaishia ghafla tu. Macho ni madogo mno na yamekaa juu ya kichwa: mwili wote ukizama mchangani, macho yanabaki nje yakivizia. Magamba ya mbele ni laini, lakini ukipapasa kuelekea mkiani yanaanza kukwaruza. Kisha bwana akamgeuza dume mmoja akanionyesha, karibu na tundu la haja, vikucha viwili vidogo sana. Ni masalia ya miguu ya nyuma ambayo mababu wa nyoka walikuwa nayo. Miguu! Nilimwomba anionyeshe tena, na watu wa nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kuguna.

Huyo wangu hakunifokea wala hakunirukia. Alitambaa taratibu, ulimi wenye panda ukionja hewa, halafu akaanza kuchokonoa katikati ya vidole vyangu akitafuta pa kujifukia. Hapo ndipo nilipompigia mama simu ya video, Mombasa.

"Mama, mtazame. Mkenya mwenzetu huyu."

"Mwanangu, nilikusomesha ukafuge nyoka? Mtoe hapo kabla sijakata simu."

Alikata.

Mama ana haki yake, sisi wengine tumelelewa kumpiga nyoka kwanza na kuuliza baadaye. Lakini huyu hana sumu hata tone. Carl Linnaeus alimwandika mwaka 1758, katika kitabu kilekile alichomwandika boa mkubwa wa Amerika, na leo wataalamu humwita Eryx colubrinus. Makazi yake ni maeneo makavu, kuanzia Misri na Sudan, kupitia Ethiopia na Somalia, hadi Kenya, Tsavo ikiwemo, na kaskazini mwa Tanzania. Wa pande zetu walipewa mwaka 1932 jina la ziada, loveridgei, kumuenzi Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye makumbusho ya Nairobi, kisha Tanganyika, kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard. Na ngoja, kuna ukoo mmoja ambao wafugaji wanauita Dodoma. Mtu yuko Illinois, hajawahi kuvuka bahari, anajadili bei ya Dodoma!

Sasa tumseme yule mkubwa, kwa sababu najua bado unamtaka. Boa imperator wa Amerika ya Kati, ambaye ndiye hasa unayeuziwa ukiomba "boa" dukani, ni mnyama wa kupendeza. Huenda pole, ana uso wa maana, na binamu yake wa Suriname na Guyana ana mkia mwekundu wa kukufanya usahau kodi ya nyumba. Lakini jike lililokomaa linafika mita 2, pengine zaidi, na linataka kizimba cha urefu wa mita 1.8 hadi 2.4. Akikua hivyo, ni busara muwe wawili mnapomtoa au kumlisha. Wenye nyumba wengi hawataki hata kusikia. Sheria nazo zinatazama: mwaka 2015 serikali kuu ya Marekani iliongeza chatu na anakonda kadhaa kwenye orodha ya wanyama waharibifu, na boa mkubwa, aliyekuwa amependekezwa pamoja nao, alinusurika. Wapo boa wadogo wa visiwa vya Cayos Cochinos, Honduras, na hao ningewafikiria. Boa wa upinde wa mvua wa Brazil? Uzuri wake unatisha, ila anadai unyevu mwingi kila siku, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haanzii na mtihani wa mwisho.

Wa kwetu hana makuu. Dume huishia kama sentimita 40 hadi 50. Jike hufika 60 hadi 80, na mara chache hukaribia mita 1. Tangi la kioo la lita 75, lile la sentimita 75 kwa 30 chini, linamtosha jike mzima. Linakaa juu ya kabati! Unaweka maranda ya mti wa aspen, kina cha sentimita 8 hadi 10, ili apate pa kuzama. Wapo wanaotumia mchanga, na ubishi wao hauishi, maana mchanga unaomezwa pamoja na chakula unaweza kuziba utumbo. Mimi nimechagua maranda na nimelala usingizi. Mierezi na misonobari usiiguse, mafuta yake huwadhuru nyoka.

Joto ndilo la kutolea macho. Upande mmoja wa tangi uwe nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, mwingine 24 hadi 27, naye atajipangia mwenyewe wapi alale. Mkeka wa joto ukiwekwa bila themostati unaweza kumuunguza tumbo naye amejilalia tu, kwa hiyo nunua themostati kabla ya kununua nyoka. Narudia, kabla. Maji ni bakuli dogo la kauri lisilopinduka, basi.

Chakula kimenishangaza kwa urahisi wake. Ni panya waliogandishwa, wanauzwa kwa mfuko, unayeyusha mmoja kwenye maji ya moto, unamkausha, unamshika kwa koleo refu. Mtoto hula kichanga cha panya kila wiki, jike mzima panya mkubwa kila baada ya wiki mbili hivi. Kisha tazama! Maranda hayatikisiki. Kimya. Ghafla kichwa kinachomoka ubavuni, maana huyu hupiga kwa upande kuliko mbele, na kabla hujapepesa macho panya amezungushwa mara mbili. Wengi tuliambiwa boa huua kwa kumkosesha mnyama pumzi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo cha Dickinson, Pennsylvania, wakiongozwa na Scott Boback, walipima boa wakubwa wakibana panya na wakaona kinachokatika haraka ni mzunguko wa damu. Baada ya mlo mwache siku mbili bila kumshika, la sivyo anaweza kuutapika.

Kasoro? Zipo, na nazitaja bila kupunguza mapenzi. Ya kwanza ni kwamba hutamwona. Wageni watakuja, utawaonyesha tangi la maranda, nao watakutazama wewe. Ukitaka nyoka wa kujionyesha mchana kutwa, huyu atakuvunja moyo. Ya pili ni madume: msimu wa kujamiiana ukifika wengi hugoma kula kwa miezi, na mfugaji mgeni hukimbilia kwa daktari wa mifugo akilia. Ndiyo maana nasema chagua jike. Anakula vizuri, ni mkubwa kidogo na hana maigizo hayo. Ya tatu ni kukosea kati ya mkono na mlo. Ukimfukua huku vidole vina harufu ya panya, atavipiga. Vijino ni vidogo, inauma kidogo, damu ni matone, lakini utaruka.

Ya nne si ya mzaha. Reptilia wengi hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima kabisa. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika, usioshee bakuli lake kwenye sinki la vyombo, na mtoto wa chini ya miaka 5 asimguse kabisa.

Ukifika mezani kununua, fanya haya hata muuzaji akikunja uso. Muulize amezaliwa wapi. Jibu unalolitaka ni kwamba amezaliwa hapahapa kwa mfugaji, hakutolewa porini. Nyoka hawa hawatagi mayai kama chatu, jike huzaa watoto hai, kwa kawaida kati ya 4 na 20, kwa hiyo mfugaji wa kweli atakuonyesha hata picha ya mama. Uliza amekula mara ngapi, na alikula panya wa kugandishwa au wa hai. Mtazame chini ya kidevu na pembeni mwa macho: vinukta vyeusi vinavyotembea ni utitiri. Mapovu mdomoni au mlio anapopumua ni ugonjwa wa mapafu. Mweke chali kwa upole. Mzima hujigeuza mara moja. Anayeshindwa kujigeuza au anayekodolea juu bila sababu anaweza kuwa na ugonjwa wa virusi unaowamaliza boa kwenye vizimba, nao hauna dawa. Ondoka, nawa mikono, usiguse wengine.

Bei? Mtoto wa rangi ya kawaida Marekani mara nyingi hupatikana chini ya dola 150. Albino na wale weupe wanaoitwa theluji huzidi hapo, na macho yatakutoka, lakini mimi hiyo chungwa na kahawia sibadilishi na kitu. Tangi, themostati na vipimajoto vitakula fedha kuliko nyoka mwenyewe. Na kumbuka anaishi miaka 20 na zaidi: mtoto wako wa chekechea atamaliza chuo, nyoka bado yupo chini ya maranda.

Uamuzi wangu: jike, amezaliwa kwa mfugaji, ameshakula panya wa kugandishwa mara kadhaa, wa rangi ya asili. Kwa anayeanza, sioni boa anayemkaribia.

Na wewe unayesoma haya ukiwa Voi, Garissa au Arusha, ambako huyu anaweza kuwa chini ya kiatu chako, usimfukue umpeleke nyumbani. Kenya inamlinda kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya (KWS), na spishi hii imo kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo haivuki mpaka bila karatasi. Nenda Bio-Ken kule Watamu, Nairobi Snake Park au Meserani karibu na Arusha, lipa kiingilio, uliza maswali yote. Wa porini mwache palepale.