Neno "Kali" na Istilahi za Kuonja Bia Nyeusi

Miongoni mwa maneno tuliyonayo ya kueleza vinywaji, hakuna lililobebeshwa mzigo kupita kiasi kama "kali". Mfasiri akikuta bia yenye alkoholi nyingi, huandika "bia kali". Akikuta yenye uchungu mwingi wa hopsi, huandika vivyo hivyo. Na iliyokwisha kuchacha nayo ni kali. Msomaji ashike lipi? Isitoshe, katika lugha ya serikali vinywaji vikali ni wiski, jini na jamii zake, wala si bia.

Hebu tuupime upungufu huo kwa bia moja. Old Rasputin hutengenezwa na kampuni ya North Coast mjini Fort Bragg, California. Ni stauti ya kifalme, aina ambayo watengenezaji wa London waliipeleka katika jumba la Malkia Catherine wa Pili wa Urusi katika karne ya 18. Alkoholi yake ni asilimia 9, hata chupa ya mililita 355 hupita nusu lita ya bia ya asilimia 5. Jambo hili ni la nguvu, na liandikwe hivyo: bia yenye nguvu. Asomaye "kali" akadhani ameonywa juu ya ladha tu, huenda akanywa mbili kisha akashika usukani.

Weusi nao si nguvu. Guinness ya pipa ni nyeusi, nayo ina asilimia 4.2 tu, Duvel ya Ubelgiji ina rangi ya dhahabu, na asilimia 8.5. Weusi hutokana na shayiri iliyokaangwa kama tukaangavyo buni. Waingereza wenyewe waliteleza hapa: jina stauti hapo kwanza lilikuwa la bia yoyote yenye nguvu, hata isiyo nyeusi.

Tuje kwenye ulimi. Bia hii isinywewe ikiwa baridi kama barafu, maana baridi huutia ulimi ganzi. Utamu wa kimea ndio utanguliao, ukikaribia ule wa sukari guru. Hufuata uchungu, nao ni wa namna mbili: wa kuungua, kama wa kahawa isiyotiwa sukari, na wa hopsi, ambao hudumu nyuma ya ulimi. Mchaga hatashangaa, kwani gome la msesewe hufanya kazi iyo hiyo katika mbege. Kisha husalia ukakasi kidogo, mfano wa chai iliyochemka mno. Wafasiri aghalabu huuita huu nao uchungu, na hilo ni kosa: uchungu ni ladha, ukakasi ni mguso, kama ajuavyo kila aliyewahi kuuma ndizi mbichi. Mwisho ni joto la kooni, na hilo peke yake ningekubali liitwe ukali.

Kwa maoni yangu ni bia njema. Ni nzito, yaani hujaa kinywani kama uji uliopikwa ukaiva, na utamu wake hauuachii uchungu nafasi ya kutawala. Lawama yangu ni kwamba kule kuungua huifunika harufu ya hopsi.

Basi badala ya "bia kali nyeusi" napendekeza "stauti yenye nguvu", na asilimia iandikwe papo hapo kwa tarakimu. Najua "stauti" haipendezi masikioni. Hata "hopsi" haikupendeza.