Mwaliko kama Mtego: Uhakiki wa Barua Ghushi za Makongamano ya Kitaaluma

Utangulizi

Barua ya mwaliko kwa kawaida huhesabiwa kuwa karatasi ya ofisi, si matini ya kuhakikiwa. Hata hivyo, kuna aina moja ya mwaliko ambayo aghalabu haina kitu nyuma yake isipokuwa maneno yake yenyewe, nayo ni mwaliko ghushi wa kongamano unaotumwa kwa baruapepe kwa wahadhiri na watafiti wa vyuo vikuu. Kwa kuwa ni zao la ubunifu, mwaliko huo unastahili kusomwa kwa zana zile zile zinazotumiwa kuhakiki kazi za kubuni. Makala haya yanadai kwamba kinachoghushiwa katika barua hizo si kongamano peke yake, bali ni usomaji wenyewe.

Fani ya mwaliko ghushi

Mbinu inayotawala barua hizi ni chuku. Mwandikiwa huitwa msomi mashuhuri, akaelezwa jinsi kamati ilivyovutiwa na makala yake, kisha akaombwa awe msemaji mgeni, hata kama yeye ni mtaalamu wa fonolojia na kongamano ni la tiba ya saratani. Sifa hizo hazitaji hoja hata moja ya kazi inayosifiwa. Mandhari, yaani hoteli na mji wa kitalii, huelezwa kwa kina kuliko mada. Wakati nao hubanwa: zimesalia siku tatu tu za kujiandikisha. Siku hizo zikipita, huja barua ya pili kutangaza kwamba muda umeongezwa.

Upande wa wahusika, barua hupambwa kwa majina makubwa ambayo wenyewe huenda hawana habari. Mnamo 2016 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni ya OMICS kwa madai kadhaa, likiwemo la kutangaza kwamba wasomi wanaojulikana wangeshiriki makongamano yake ilhali hawakuwa wamekubali. Mnamo 2019 mahakama ya shirikisho huko Nevada iliamuru walioshtakiwa walipe zaidi ya dola milioni 50.

Ni muhimu kutenga aina mbili za mwaliko huu. Katika ya kwanza, kongamano halipo kabisa. Mwalikwa huahidiwa tiketi ya ndege na malazi ya Marekani, ila atangulize malipo ya hoteli ya Dakar, ambako sehemu ya pili ya kongamano inadaiwa kufanyika. Katika ya pili, ukumbi upo na cheti hutolewa, lakini hakuna aliyeyasoma makala. Aina hii ndiyo yenye madhara makubwa zaidi kwa taaluma, na ushahidi wake upo. Mnamo 2005 wanafunzi watatu wa chuo cha MIT walituma makala yaliyotungwa na programu ya kompyuta, yasiyo na maana yoyote, kwa kongamano la WMSCI lililopangwa kufanyika Orlando. Yalikubaliwa bila maoni ya msomaji yeyote. Mnamo 2016 Christoph Bartneck wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, aliiachia simu yake imkamilishie sentensi za ikisiri ya fizikia ya nyuklia. Ilikubaliwa baada ya saa tatu.

Mwaliko katika fasihi simulizi

Mwaliko wa hila si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Katika kisa cha Punda wa Dobi, kilichochapishwa na Edward Steere mnamo 1870, Sungura anampelekea Punda posa kutoka kwa Simba. Punda anafurahi, anakwenda, anashambuliwa na kuponea chupuchupu. Sungura anarudi tena na kumweleza kwamba hiyo ndiyo desturi ya Simba. Punda anakwenda mara ya pili na kuuawa. Hatimaye Sungura anadai kwamba mnyama huyo hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo hangerudi.

Ulinganisho huu unavutia, lakini una mipaka. Hukumu ya Sungura ni hukumu ya tapeli mwenyewe, ambaye ndiye aliyeula huo moyo na hayo masikio. Mhakiki anayemcheka mtafiti aliyelaghaiwa anaazima kauli ya Sungura bila kujua.

Maudhui na muktadha

Katika vyuo vikuu vya Kenya, machapisho na mawasilisho huhesabiwa katika kupandishwa cheo. Kuhesabu ni rahisi kuliko kusoma. Mhadhiri chipukizi anaweza kukaa miaka mingi bila mwenzake kumwuliza swali moja kuhusu tasnifu yake. Barua inapomjia kutoka mbali ikidai kwamba imeisoma kazi yake, inamgusa mahali ambapo idara yake haijawahi kumgusa. Ni kweli kwamba wapo wanaojua kuwa mwaliko ni bandia na wakaupokea kwa ajili ya cheti. Hao nao ni zao la mfumo huo huo wa kuhesabu.

Hitimisho

Tahadhari za kukagua anwani, kamati na ada ni za lazima, ila hazitoshi. Anayesoma kwa dhati hutaja ukurasa, huuliza, hupinga. Barua ghushi haiwezi kupinga chochote kwa sababu haijui kilichosemwa. Mtafiti aliyezoea kukosolewa na wenzake katika semina za idara ataitambua mara moja sifa isiyo na swali. Idara isiyosoma kazi za watu wake inawaachia matapeli kazi hiyo.