Upana wa Kidole





Dada wa fiziotherapia alivuta kigoda akaketi mbele ya mama mdogo. Miezi minne ilikuwa imepita tangu kiharusi. Mama mdogo alikwisha kurudi kutembea, ila wayo wa kushoto uliburuta sakafuni na kandambili ilimvuka kila baada ya hatua chache. Mashine ya kuamsha misuli kwa umeme ilikuwa mezani, bado imezimwa. Dada akachukua kijiti chenye ncha na kipande cha pamba.

"Fumba macho, mama. Hapa nimegusa na nini?"

"Kijiti."

"Na hapa?"

"Pamba."

Nilidhani anapoteza muda. Kumbe kiharusi kinaweza kuchukua hisia za ngozi pamoja na nguvu za msuli, na ngozi yenye ganzi hailalamiki inapoanza kuungua. Akauliza pia kama kifuani amewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kwa sababu umeme wa nje unaweza kukivuruga. Kisha akauosha mguu kwa sabuni, mafuta ya nazi yakatoka yote. Kiraka cha kupitishia umeme kikibandikwa juu ya mafuta hakishiki. Kikiinuka ukingoni, mkondo husongamana kwenye sehemu ndogo iliyobaki, na hapo ndipo ngozi hubabuka.

Nje ya goti, chini kidogo, kuna kifundo cha mfupa ambacho kila mtu anaweza kukipapasa. Mshipa wa fahamu unaoamrisha wayo uinuke hupita nyuma yake na kuzunguka shingo ya mfupa huo, karibu kabisa na ngozi. Dada aliutafuta kwa kidole gumba, akabandika kiraka kimoja hapo na kingine kwenye nyama ya mbele ya muundi. Akapandisha umeme taratibu huku akimtazama mama usoni, wala si mashine.

"Unasikia nini?"

"Kama sisimizi wanatembea."

Akaongeza. Wayo ukapinda upande, ukaelekea ukutani. Akazima, akabandua, akasogeza upana wa kidole, akawasha tena. Wayo ukainuka, umenyooka, vidole vikitazama dari.

Mama mdogo akauliza ni nani aliyeuinua. "Ni msuli wako, mama," dada akajibu. "Umeme umebisha hodi tu. Ukibisha tena, na wewe inua."

Hodi hiyo inaitikiwa kwa sababu kiharusi kimeharibu ubongo, lakini njia ya kutoka uti wa mgongo mpaka wayoni bado ni nzima. Kila pigo la mashine lilidumu maikrosekunde 300 hivi, yaani chini ya nusu ya elfu moja ya sekunde. Mapigo yakiwa machache kwa sekunde, wayo hutikisika tu. Yakifika 30 au zaidi, mitikisiko huungana ikawa mvuto mmoja laini. Kama mshipa wenyewe ungekuwa umekatika, mapigo mafupi namna hii yasingepata jibu. Msuli uliobaki peke yake huhitaji mapigo marefu zaidi mara nyingi, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Msuli ukiamshwa hivi huchoka upesi. Mwili, unapojiamrisha wenyewe, hupokezana: nyuzi hizi zikifanya kazi, zile hupumzika. Umeme haujui zamu, huita nyuzi zilezile, zote kwa pamoja. Ndiyo maana dada aliweka sekunde 10 za kazi na 30 za mapumziko, akakaa palepale muda wote. Nimewahi kuona mahali ambapo mgonjwa hufungwa nyaya, pazia likavutwa, akaachwa mpaka kengele ilie. Iliniuma, na bado inaniuma. Mashine haina jicho la kuona kwamba wayo umeanza kupinda.

Kazi hii ya kutafuta mahali ina wazee wake. Duchenne, daktari Mfaransa, alitumia viguso vilivyoloweshwa maji, akaonyesha kwamba kila msuli una sehemu yake ambapo umeme kidogo huuamsha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1855. Mwaka 1961 Liberson na wenzake, huko Marekani, walieleza kifaa chenye swichi chini ya kisigino: kisigino kikiacha ardhi, umeme unawaka na wayo unainuka. Na zamani zaidi, katika karne ya 1, Scribonius Largus wa Roma aliwaambia wenye jongo wakanyage samaki hai wa umeme ufukweni mpaka mguu uingie ganzi. Samaki huyo ni wa jamii ya taa, na hunipendeza kwamba katika lugha yetu samaki wa jamii hiyo na kile kinachotuangazia usiku vina jina moja.

Tulipoondoka, dada alichora mguuni mwa mama mdogo, kwa kalamu ya wino, miraba miwili midogo palipokaa viraka, akatuazima mashine ya mfukoni. Wino ulifutika kwa kuoga, nikaichora upya miraba kila jioni. Wiki ya tatu niliisahau kalamu. Nikapapasa kile kifundo, nikashuka nyuma yake, nikabandika, nikawasha. Wayo ukapinda upande. Nikazima, nikasogeza upana wa kidole.