Jina na Tendo katika Wahusika wa Hadithi

Asemaye kuwa amechoshwa na wahusika wa namna moja aeleza ladha yake. Bado hajahukumu kitabu. Wanichoshao mimi ni wale ambao majina yao yamekwisha kuwahukumu. Katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, ndugu wawili wa Adili waitwa Hasidi na Mwivu: msomaji ajua watakalotenda kabla hawajalitenda.

Lakini ladha yaweza kupotoka. Katika Kusadikika (1951) majina ni ya namna ile ile: Majivuno ndiye mshitaki, na Karama ndiye mshitakiwa. Hata hivyo, Karama haokolewi na jina lake. Hana budi kulistahili mbele ya baraza kwa kusimulia safari za wajumbe sita.

Hapa Irente, katika nchi iliyotawaliwa na Wakilindi, mfano mwingine u karibu. Mbegha, katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, naye ni wa namna ijulikanayo sana: kigego aliyekataliwa na jamaa zake, mwindaji mgeni aliyekuwa mfalme. Lakini jina la Simba Mwene alipewa baada ya kumwua simba. Tendo lilitangulia, jina likafuata.

Basi si kosa mhusika kufanana na wenziwe. Kosa ni jina kufanya kazi iliyolipasa tendo. Kwa kipimo hiki namrudishia Karama haki yake. Juu ya Hasidi sijageuza neno langu.